Nakili Kwanza, Kisha Mchore Bibi Yako

  

Wasikilizaji wangu wa Kagera, leo nataka tuwazungumzie vijana wetu wanaochora sura za watu. Mnawajua, maana karibu kila mtaa una wake. Unamtumia picha yako kwa simu, anakaa na penseli na karatasi, na baada ya siku chache anakuletea sura yako na kila unywele mahali pake, hadi ule mng'ao wa jasho puani. Watu wanashangaa, wanalipa, wanaitundika sebuleni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya fundi wa mabango, yule aliyechora vichwa vya vijana waliochongwa denge kwenye ukuta wa kinyozi. Siku hizi penseli inawapa vijana riziki, na ni jambo jema.

Sasa baadhi yao wanataka kusogea mbele. Wanataka rangi za mafuta, turubai na brashi. Wanauliza: nianzie wapi, nami sina chuo cha sanaa karibu wala mwalimu wa kunishika mkono? Jibu langu ni fupi, na najua litawaudhi wengine. Chagua picha moja ya sura ya mtu iliyochorwa na bingwa wa kale, ikalie, uinakili kuanzia kona hadi kona. Picha za simu ziweke kando kwanza.

Naam, najua yuko msikilizaji ambaye ameshatikisa kichwa. Kunakili? Si ndiko tunakowakataza watoto wetu kwenye mitihani? Na wahenga je, hawakutuonya juu ya mwenye kumwiga tembo? Yanayompata mnayajua, sina haja ya kuyataja wakati watu wako mezani.

Pingamizi hilo lina wakubwa wake, tena wa hapahapa kwetu. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, ni mmoja wa wachoraji wakubwa wa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Wasanii waliopita hapo walikutana na wito wake kwamba wasinakili, maana kunakili, kwa maoni yake, humlaza Mungu usingizi. Hakusema hivyo kwa majivuno. Alisema kwa sababu alikulia katika nyakati ambazo makanisa mengi na sebule nyingi za Wakristo zilikuwa na picha zilizochapwa Ulaya, na Mwafrika akishika brashi alitarajiwa arudie zilezile. Njau alikataa. Katika miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, na maisha ya Yesu yakatokea katika nchi ya Waafrika, wenye sura za Waafrika. Angenakili kadi za Noeli, Murang'a wasingekuwa na kuta zile.

Aliyemfundisha katika chuo cha Makerere, Kampala, Mwingereza Margaret Trowell, alikuwa na msimamo wa jamii hiyohiyo. Trowell ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na hakupenda wanafunzi wake wakaririshwe picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo, pengine soko au mavuno au kisa cha Biblia, kisha akawaacha wachore walichokiona vichwani mwao. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilikwisha kuonyeshwa London.

Basi mimi ni nani hata nibishane na watu hao? Sibishani nao. Nawaomba tu mtazame wao wenyewe walipitia wapi. Trowell alisoma Slade, shule ya sanaa ya London ambako mwanafunzi hakupona bila kuchora mwili wa binadamu tena na tena. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, wa Machame, naye alikwenda Slade kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Mwaka uliofuata, 1956, Ntiro alichora kwa rangi za mafuta wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Waliokuja kumfahamu baadaye kama balozi wetu Uingereza, mara tu baada ya uhuru, huenda hawakujua kwamba balozi huyo alikuwa mchoraji kwanza. Ninalotaka kusema ni kwamba London haikumwondolea migomba yake. Alisoma walichokuwa nacho watu wa London, akarudi na pombe ya ndizi.

Na palepale Makerere mambo yaligeuka. Trowell alipoondoka mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Huyu aliingiza historia ya sanaa ya Ulaya, elimu ya rangi, na uchunguzi wa kazi za mabingwa. Tangu hapo wachoraji wa Afrika Mashariki wamegawanyika. Wako wanaosema asili iachwe itoke yenyewe, na wako wanaosema mkono usiofunzwa hauwezi kuitoa asili hiyo. Kampala si mbali na sisi. Ukivuka Mutukula mchana, jioni uko huko. Mabishano hayo yanatuhusu.

Mimi nimesimama na hawa wa pili, kwa sharti moja nitakalolitaja baadaye. Kwanza niwape ushahidi kwamba kunakili si kazi ya wasiojua. Mwaka 1628 Peter Paul Rubens alifika Madrid, katika ikulu ya mfalme wa Hispania. Alikuwa na umri wa miaka 51, anajulikana Ulaya nzima, wafalme wanapanga foleni kumpa kazi. Alifanya nini Madrid? Pamoja na shughuli zake za kibalozi, alikaa mbele ya picha za Titian, Mwitalia aliyekufa kabla yeye Rubens hajazaliwa, akazinakili moja baada ya nyingine. Mtu wa miaka 51! Na katika ikulu hiyohiyo alikuwepo kijana wa miaka 29, mchoraji wa mfalme, aitwaye Diego Velázquez. Likumbukeni jina hilo.

Tena, hapa Kagera sisi ni watu wa kwaya. Hakuna parokia wala usharika uliowahi kuiambia kwaya mpya ianze kwa kutunga nyimbo zake. Kwaya huimba za wengine, ikajua sauti ya tatu inaingia wapi na pumzi inakatwa wapi, ndipo siku moja mwalimu analeta wa kwake. Kwa nini mchoraji peke yake tumdai atunge siku ya kwanza?

Sasa nije kwenye kiini. Kijana ataniuliza: mzee, mbona mimi nanakili kila siku? Natazama picha ya simu, naihamishia kwenye karatasi. Huko si kunakili?

Ni kunakili, ila unanakili kitu ambacho bado hakijaamuliwa. Simu inapompiga mtu picha haichagui. Kifungo cha shati inakipa uzito uleule inaolipa jicho. Ndiyo maana sura nyingi za penseli tunazoziona ni safi mno lakini hazitutazami. Kila unywele umechorwa, kila kinyweleo kimeonekana, na mtu mwenyewe hayupo. Bingwa wa rangi za mafuta alipoketi mbele ya mtu aliye hai alilazimika kuamua: jicho hili nitalimaliza, lile nitalidokeza tu; ukingo wa shavu hapa uonekane mkali kama wembe, pale uzame kwenye giza; sikio litoshe kwa mguso mmoja wa brashi. Picha yake ni rundo la maamuzi, na yote yapo mbele ya macho yako. Unapoinakili, kila unapofika mahali unajiuliza, kwa nini hapa ameacha? Kwa nini hapa amekazia? Hicho ndicho kinachofundishika. Sura ya mtu wa karne nyingi zilizopita haina faida kwako. Maamuzi ya aliyemchora yana faida kubwa.

Basi unakili ipi? Wengi wakisikia bingwa wa kale wanamkimbilia Mona Lisa. Kwa mchoraji wa Bukoba au Muleba mimi ningependekeza picha nyingine, ya huyo Velázquez niliyewaambia mlikumbuke jina lake. Inaitwa kwa jina la aliyechorwa, Juan de Pareja.

Huyu Pareja alikuwa nani? Alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, mtu mwenye asili ya Afrika, na alikuwa mtumwa wa Velázquez. Kazi yake ilikuwa katika karakana ya uchoraji. Mwaka 1649 bwana wake alisafiri kwenda Roma kumnunulia mfalme kazi za sanaa, akaenda naye. Huko Velázquez alitarajiwa kumchora Papa Inosenti wa Kumi. Palomino, aliyeandika maisha ya Velázquez baadaye, anasimulia kwamba alitaka kwanza kuuamsha mkono wake, akamketisha Pareja akamchora. Tarehe 19 Machi 1650 picha hiyo ilitundikwa mbele ya watu katika Panteoni ya Roma, na mji ukaizungumza. Mwezi Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwachia huru, kwa sharti la kumtumikia miaka minne zaidi. Pareja alikuja kuwa mchoraji kamili kwa jina lake mwenyewe. Jumba la Prado mjini Madrid lina picha yake kubwa ya mwaka 1661, Mathayo Mtoza Ushuru anapoitwa na Yesu. Pembeni mwa watu waliomo, Pareja alijichora mwenyewe ameshika karatasi yenye jina lake.

Picha ya Velázquez yenyewe iko New York, katika Makumbusho ya Metropolitan. Ilipouzwa London mwaka 1970 ilifikia pauni milioni 2.31, ikawa picha ya kwanza kuvuka pauni milioni moja mnadani. Lakini kijana wa Nshamba hahitaji hata senti moja kuipata. Tangu mwaka 2017 makumbusho hayo yameweka picha za kazi zake za zamani kwenye intaneti, kubwa na safi, mtu azipakue bure na kuzitumia apendavyo. Nenda kwa mwenye mashine ya kuchapa, ichapishe kwa ukubwa utakaoumudu. Ile ya asili ni sentimita 81 kwa 70, si kubwa sana.

Kwa nini nasisitiza hii? Kwa sababu ya ngozi. Vitabu vingi vya kufundishia rangi za mafuta vina somo la kuchora ngozi, na ngozi yenyewe ni ya waridi. Kijana wetu akivifuata, ikifika zamu ya kumchora mjomba wake, anachukua rangi ya kahawia, anaongeza nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga. Matokeo tumeyaona: uso wa majivu upande mmoja, wa lami upande wa pili.

Mtazame Pareja kwa karibu. Nimelikalia paji la uso wake kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha hiyo, na sijawahi kuona pale kahawia moja. Kuna wekundu wa joto kwenye mashavu na kwenye pua, mahali damu ilipo karibu. Kivuli cha shingoni hakikutiwa weusi mtupu, kimepoa kikaelekea kwenye kijivu cha ukuta ulio nyuma yake. Na palipo na mwanga mkali, ngozi haikuchujuka ikawa nyeupe. Imewekwa rangi nzito ya krimu, mguso mmoja uliotulia, ukaachwa. Mng'ao huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi kuliko kwenye ngozi ya waridi, nao hubeba rangi ya anga au ya dirisha. Mtu aliyesimama uani Bukoba, ziwa mbele yake, ana ubuluu kwenye paji la uso. Usiponiamini, kesho asubuhi mtazame jirani.

Ukitaka kuzichanganya rangi hizo, huhitaji sanduku zima. Nyeupe, njano ya udongo, nyekundu moja, kahawia mbili za udongo, bluu ya altramarini, basi. Bluu ukiichanganya na kahawia iliyokolea unapata giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu. Na hizo rangi za udongo zisikutishe kwa majina yao ya Kitaliano. Njano ile, kahawia zile, wekundu ule, vyote ni udongo wenye chuma. Ukiuchoma unazidi kuwa mwekundu, jambo ambalo mfyatua tofali yeyote wa Muleba analijua. Sisi tunatembea juu ya udongo huo. Ndio uliowapa wazee wetu chuma. Pale Katuruka, karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya miaka zaidi ya 2,000. Na kule Bwanjai, upande wa Missenyi, watu wa kale walichora maumbo ya watu kwa rangi nyekundu kwenye mawe.

Tuje kwenye vifaa, maana maneno matupu hayachori. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ile ya kupaka milango. Si mbaya. Edward Saidi Tingatinga aliitumia hiyohiyo kwenye vipande vya ubao Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968 na akaanzisha mtindo unaojulikana duniani. Lakini kwa sura ya mtu haitufai, inawahi kushika kabla hujapata nafasi ya kulainisha shavu. Unataka rangi za wasanii, za tyubu, zilizosagwa kwa mafuta ya kitani. Huenda ukalazimika kuziagiza Mwanza, Dar es Salaam au Kampala. Kitambaa ni amerikani nzito, ivutwe kwenye fremu ya mbao hadi ilie kama ngoma, ipakwe gundi kisha tabaka mbili tatu za rangi nyeupe ya maji. Usipake mafuta juu ya kitambaa kitupu, yatakioza.

Jambo la pili ni subira. Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo inavyokauka. Hushika oksijeni ya hewani, yakageuka polepole kuwa ngozi ngumu, na kwa mji kama Bukoba unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, usitegemee haraka. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, vinginevyo picha itapasuka. Na tafadhali, vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kona ya chumba. Vinaweza kupata moto wenyewe na kuwaka. Vianike vimekunjuliwa, au vitumbukize kwenye maji kabla ya kuvitupa.

Kisha gawa picha yako katika miraba, na turubai katika miraba ya idadi ileile. Paka kwanza rangi moja ya kahawia iliyofifia kote, kwa sababu ukianza juu ya weupe mtupu kila rangi itaonekana nyeusi kuliko ilivyo. Weka vivuli vikubwa kabla ya macho. Sehemu ya mwisho iwe ile ya lesi nyeupe shingoni mwa Pareja, maana hapo ndipo utapata somo lako kubwa. Ukiwa mbali unaapa kila tundu la lesi limeshonwa. Ukisogea unakuta michirizi, madoa, brashi iliyopita kwa kasi mara moja. Mwanafunzi wa penseli atataka kuchora matundu yote. Hapo ndipo anapojifunza kuacha.

Nakala moja ya namna hii niliwahi kuiegemeza ukutani huko Kamachumu ikauke. Mzee mmoja akapita, akasimama, akaitazama kwa muda. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni wa ukoo gani?" Nikamwambia, "Babu, huyu ni mtu wa Hispania, wa zamani sana." Hakuridhika. Akasema, "Hispania sawa, lakini ana watu wake hapa." Sikumbishia.

Utasema, lakini Rubens alikaa mbele ya picha asilia, sisi tuna karatasi iliyochapwa na rangi zake hazitabiriki. Ni kweli, na ni hasara. Karatasi haikuonyeshi unene wa rangi, na kila mashine ya kuchapa ina wekundu wake. Ila si sababu ya kuketi. Vincent van Gogh alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi za mchoraji Millet akiwa na picha za chapa tu, nyeusi na nyeupe. Rangi ilibidi azitafute mwenyewe, akazipata, na hakuna anayeziona nakala hizo leo akadhani ni za Millet. Umbali na picha asilia ulimpa nafasi ya kuwa yeye.

Sasa lile sharti langu. Nakala ni ya kujifunzia, na kujifunza lazima kuwe na mwisho. Tumeona kwenye biashara ya picha za watalii jinsi mtindo mzima unavyoweza kugeuka kurudufu: mmoja anachora twiga, kumi wanamrudia, mia wanawarudia hao kumi, na bei inashuka pamoja na heshima. Hapo Njau ana haki yote. Kwa hiyo nyuma ya turubai yako andika wazi: imenakiliwa kutoka kwa Velázquez, na jina lako, na mwaka. Kisheria huna kosa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na Velázquez alifariki mwaka 1660. Msanii aliye hai ni habari nyingine. Ukichukua kazi ya mwenzako wa Mwanza ukaiuza kama yako, huo ni wizi, hata uwe umeichora vizuri kuliko yeye.

Ukishamaliza nakala, au mbili, igeuze iangalie ukuta, uchukue turubai mpya. Tazama anavyofanya Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Naye alisoma Slade, kama Trowell, kama Ntiro. Katika michoro yake wanaojua historia ya sanaa wanawaona mabingwa kama Titian na Goya wakipita. Lakini anachorea juu ya nini? Juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti wa jamii ya mkuyu kutoka Uganda, pamoja na mishono na matundu yake. Lubugo, ndugu zangu! Ile tuliyokuwa nayo Buhaya kabla amerikani haijafika, na ambayo utengenezaji wake huko Uganda umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mkenya mwenye elimu ya London ameitundika kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya. Sisi wenye lubugo katika hadithi za babu zetu tunasubiri nini?

Na watu wa kuchorwa hatujakosa. Wilaya ya Muleba pekee ilimtoa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akasoma Rubya na Katigondo, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Amelala katika kanisa kuu la Bukoba tangu masalia yake yalipohamishiwa humo mwaka 2012. Picha zake za kamera ziko tele. Wa kuziangalia akaamua lipi liwe jicho na lipi liwe kivuli lazima awe ameshajifunza kuamua, la sivyo atatuletea kofia nyekundu yenye uso chini yake.

Ningependa parokia na sharika zetu, ambazo kila mwaka hununua picha zilizochapwa mbali, zijaribu kumpa kijana mmoja turubai na mwaka mzima. Shule chache zenye somo la sanaa zitundike chapa moja nzuri ya Pareja ukutani na kuwaacha wanafunzi waizoee. Hayo hayahitaji bajeti ya wizara.

Ombi langu la mwisho ni kwenu wazee. Bibi, babu, siku kijana atakapokuja na kigoda na turubai yake akakuomba ukae mbele yake saa mbili, usimwambie migomba inakusubiri. Kaa. Vaa kanzu yako ya sikukuu ukipenda, au gomesi, au khanga ya kila siku. Zungumza, uso wa mtu anayezungumza una mengi kuliko uso uliobana midomo. Ila akitaka kukupiga picha kwa simu ili akamalizie nyumbani, mkatalie. Mwambie redio imesema akae achore.